Kuvuka mpaka kila siku si kuishi: wafanyabiashara wa Rwimbogo na hesabu ya ukaazi wa kudumu

RWIMBOGO, RUSIZI – Gari linalotoka Bukavu kwenda Uvira lina njia mbili. Moja inabaki ndani ya Kongo na kupita kwenye mteremko wa Ngomo, ambao madereva wanaujua kwa makona yake, matope yake na malori yaliyolala kando. Nyingine inavuka mto Rusizi na kuingia Rwanda, inapita Kamembe, inashuka hadi Bugarama, kisha inavuka tena mto na kurudi Kongo pale Kamanyola. Kwa miaka mingi wasafiri na wenye mizigo wamekuwa wakichagua hii ya pili. Mtu anatoka Kongo kwenda Kongo, lakini katikati anagonga mihuri ya nchi nyingine.

Rwimbogo iko upande huo wa kusini wa wilaya ya Rusizi, eneo ambalo hadi mageuzi ya utawala ya 2006 lilikuwa ndani ya mkoa wa Cyangugu. Si mji. Ni sekta ya wakulima inayojikuta katikati ya maghala ya Kamembe na mipaka ya Bugarama, ambako kuna kivuko cha kwenda Kamanyola na kingine cha Ruhwa kinachoelekea Burundi. (Wasafirishaji wasiichanganye na Rwimbogo nyingine iliyoko wilaya ya Gatsibo, Mkoa wa Mashariki. Hati ya mzigo iliyoandikwa "Rwimbogo" peke yake inaweza kumpeleka dereva upande mwingine kabisa wa nchi.)

Katika eneo la namna hii hupatikana mfanyabiashara ambaye maofisa wa mpaka wanamjua kwa sura, lakini kwa sheria ya uhamiaji ni mgeni aliyefika jana. Chukua mfano wa mtu wa Bukavu anayeuza vitenge na vyakula. Amekodi stoo upande wa Rwanda, ana Fuso moja, watoto wake wanasoma Kamembe. Ameingia Rwanda mara zisizohesabika. Siku anapouliza ni lini atastahili ukaazi wa kudumu, jibu linaweza kumshtua: hesabu yake haijaanza hata siku moja.

Hilo ndilo tatizo linalowagusa wengi katika ukanda huu, na wengi hawalijui mpaka mpaka unapofungwa.

Karatasi zinazofanana, haki zisizofanana

Wakazi wa maeneo ya Maziwa Makuu wamezoea kuishi na karatasi nyingi. Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliundwa Gisenyi mwaka 1976 na Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati huo, na mwaka 1985 nchi hizo tatu zikatia saini mkataba wa uhuru wa watu na bidhaa kuvuka na watu kufanya makazi. Kutokana na hapo wafanyabiashara walizoea lesepase ya CEPGL, na kwa wanaoishi karibu kabisa na mpaka, jetoni ya siku moja. Karatasi hizi ziliendesha biashara ya Rusizi na Bukavu kwa miongo. Kazi yake ni moja tu, kumvusha mtu na kumrudisha.

Kisha ikaja Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda na Burundi zilijiunga 1 Julai 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika 1 Julai 2010. Chini ya kanuni zake, raia wa nchi mwanachama anaingia nchi nyingine na kupewa pasi ya mgeni ya hadi miezi 6 bila malipo. Kenya, Uganda na Rwanda zilikwenda mbali zaidi mwaka 2014 kwa kuruhusu raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu anasikia "miezi 6" na kudhani kwamba akitoka na kuingia tena mara mbili kwa mwaka, ameishi mwaka mzima. Pasi hiyo ni ya mgeni. Inamruhusu kutembelea, kutafuta soko, kuonana na mteja, kupita. Haimfanyi kuwa mkaazi, na haimruhusu kufungua duka na kuliendesha. Aliyekaa miaka 10 kwa pasi za miezi 6 amekuwa mgeni kwa miaka 10, na akikutwa nyuma ya kaunta ya duka lake anaweza kuonekana si mgeni mzuri hata kidogo.

Ngazi inayofuata ni kibali cha kazi na ukaazi wa muda. Ibara ya 13 ya Itifaki inatoa haki ya kujiajiri na kuanzisha biashara katika nchi nyingine mwanachama, na Ibara ya 14 inatoa haki ya kuishi kwa wale wanaofanya kazi au waliojiajiri, pamoja na mke au mume, watoto na wanaowategemea. Kibali cha kazi chini ya kanuni za Jumuiya huwa cha hadi miaka 2 kwa kuanzia, na kinaweza kuongezwa. Nchi inatakiwa kujibu maombi ndani ya siku 30. Ni haki kubwa na wafanyabiashara wadogo wanaitumia kidogo mno.

Lakini ibara hiyo hiyo ya 14, inapofika kwenye ukaazi wa kudumu, inarudisha neno kwa kila nchi. Inasema mambo yanayohusu ukaazi wa kudumu yataongozwa na sera na sheria za taifa. Yaani Jumuiya imejenga barabara kutoka mpakani hadi kwenye kibali cha miaka 2, ikaishia hapo. Kilomita za mwisho kila nchi imeachiwa itengeneze yenyewe, na kila moja imetengeneza kwa namna yake, au haijatengeneza kabisa.

Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha imeshaonyesha kwamba haki za kuingia si mapambo. Mwaka 2013 ilitoa hukumu kwa upande wa mwanasheria Mkenya, Samuel Mukira Mohochi, ambaye alizuiwa kuingia Uganda kupitia Entebbe mwaka 2011 na kurudishwa kwao. Hata hivyo kesi ile ilihusu mlango wa kuingilia. Kwa ukaazi wa kudumu, mfanyabiashara hana ibara ya Jumuiya ya kuegemea, kwa kuwa waandishi wa Itifaki waliiacha nje kwa makusudi.

Mwaka ambao tofauti ilionekana

Mtu anaweza kuuliza, kuna haja gani ya kuhangaikia kibali iwapo mpaka unapitika? Jibu lilitoka 21 Machi 2020.

Siku hiyo Rwanda ilitangaza kufunga mipaka yake yote kutokana na ugonjwa wa Covid-19. Yaliyoachwa wazi yalikuwa machache: mizigo iliruhusiwa kuendelea, na raia wa Rwanda pamoja na wakaazi halali waliruhusiwa kurudi, kwa sharti la kukaa karantini siku 14. Maneno ya kuzingatia ni hayo mawili, wakaazi halali. Tangazo halikuuliza nani ana stoo Rusizi, nani amelipa kodi ya pango ya miezi 6 mbele, wala nani anauziana na nani tangu miaka ya tisini. Liliuliza nani ana kibali.

Mfanyabiashara wa Bukavu mwenye kibali cha ukaazi wa Rwanda aliweza kurudi kwenye mali yake baada ya wiki mbili za karantini. Mwenzake mwenye jetoni alibaki ng'ambo akiitazama stoo kwa simu. Lori lake, kama lilikuwa na dereva na karatasi za mzigo, lingeweza kuvuka. Yeye mwenyewe hapana. Ni hali ya ajabu kidogo, ambapo gunia la mchele lina ruhusa ya kupita kuliko mwenye gunia, lakini ndivyo tangazo lilivyokuwa na nchi nyingine nyingi zilifanya hivyo hivyo.

Rusizi ilionja zaidi ya wengine. Mwezi Juni mwaka huo wilaya iliwekewa masharti makali ya kutotoka baada ya maambukizi kupatikana, wakati sehemu nyingine za nchi zilikuwa zimeanza kulegezewa.

Na haikuwa mara ya mwisho kwa upande huu wa nchi kupata pigo la mpaka. Tarehe 11 Januari 2024 Burundi ilitangaza kufunga mipaka yake na Rwanda, baada ya kuifungua tena mwaka 2022 kufuatia miaka ya mvutano. Kwa Bugarama hiyo ilimaanisha Ruhwa. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na Kamanyola nayo ikashikwa katika wimbi hilo hilo. Benki zilifunga milango, mizigo iliyokuwa njiani haikujua imwendee nani, na familia nyingi zilivuka kuja upande wa Rusizi. Katika siku kama hizo mtu hapangi ni karatasi gani angependa kuwa nayo mfukoni. Anakuwa na ile aliyokuwa nayo jana yake.

Pesa au miaka

Kwa kawaida nchi hutoa ukaazi wa kudumu kwa njia mbili kuu: kwa fedha, au kwa muda. Ndoa ni njia ya tatu, na itajadiliwa baadaye.

Rwanda ilijaribu mapema njia ya fedha. Sheria ya kukuza uwekezaji ya 2005, na kisha ile ya 2015, zilisema kwamba mwekezaji aliyeweka katika benki ya biashara nchini kiasi cha kuanzia dola 500,000 za Kimarekani kwa muda usiopungua miezi 6 anakuwa na haki ya ukaazi wa kudumu. Vipeperushi vingi na tovuti za mawakala bado vinanukuu kifungu hicho kana kwamba ndicho kinachotumika. Wafanyabiashara wawe makini: sheria ya 2015 iliondolewa na Sheria Na. 006/2021 ya 05/02/2021 ya kukuza na kuwezesha uwekezaji, na mambo ya vibali yanasimamiwa na Sheria Na. 57/2018 ya 13/08/2018 kuhusu uhamiaji pamoja na amri za waziri zinazoitekeleza. Anayetaka kujua masharti ya leo asome hizo, au aulize Kurugenzi Kuu ya Uhamiaji, ambayo maombi yake mengi siku hizi hupitia Irembo. Asiulize wakala wa stendi.

Hata hivyo kiasi kile kinafundisha kitu. Dola 500,000 hakikuwa kipimo cha mtu wa Fuso moja. Kilikuwa cha mwenye kiwanda, hoteli au mgodi. Mlango wa fedha, popote duniani, hujengwa kwa urefu wa mtu tajiri, na mfanyabiashara wa kati wa Rusizi hata akiruka hafiki. Kwake yeye njia iliyopo ni ya miaka: kibali cha muda, kukiongeza, kukiongeza tena, na kuomba cha kudumu pale sheria inapomruhusu. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kibali cha kwanza ina thamani kuliko anavyodhani.

Kuna kosa jingine linalotokana na sifa nzuri ya Rwanda. Kusajili kampuni nchini humo ni jambo la saa chache, na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, iliyoanzishwa 2008, imeweka huduma nyingi chini ya paa moja. Mtu anatoka pale na cheti cha kampuni na namba ya mlipakodi, anarudi nyumbani akiwa na furaha kwamba amekuwa mwekezaji wa Rwanda. Ni kweli, kampuni yake sasa ni mkaazi wa Rwanda. Yeye bado ni mgeni. Kampuni inaweza kulipa kodi miaka 8 bila mwenyewe kuwa na kibali hata kimoja, na miaka hiyo 8 ni ya kampuni.

Wenzetu wanahesabuje?

Kenya ina hesabu iliyo wazi kuliko zote katika eneo hili. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 37, inamruhusu kuomba ukaazi wa kudumu mtu ambaye amekuwa na vibali vya kazi kwa miaka isiyopungua 7, na ameishi nchini mfululizo kwa miaka 3 iliyotangulia maombi. Mtu anaweza kuikata hesabu hiyo kwa kalenda ya ukutani. Ni kweli kwamba kibali cha mwekezaji, kile cha Daraja G, kinadai mtaji wa dola 100,000, kiasi ambacho wafanyabiashara wengi wa kawaida hawana. Lakini Kenya na Rwanda zilifutiana ada za vibali vya kazi kwa raia wao muda mfupi baada ya Soko la Pamoja kuanza, jambo ambalo Mnyarwanda anayefanya biashara Nairobi, au Mkenya aliyeko Rusizi, hana sababu ya kulisahau.

Tanzania ni habari tofauti. Ngazi ya ukaazi wa kudumu kama ya Kenya haipo. Mwekezaji au aliyejiajiri hupata kibali cha ukaazi cha Daraja A, ambacho ni cha muda, na uhai wake nchini unategemea kukiongeza. Udhaifu wa hali hiyo ulionekana Julai 2025, serikali ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa, uwakala wa fedha kwa simu na utengenezaji wa simu. Waliokuwa na leseni halali waliruhusiwa kuendelea mpaka leseni zao ziishe. Adhabu zilitajwa: faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo cha hadi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Kenya ililalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja.

Hoja za Tanzania zina wanaoziunga mkono, hasa Kariakoo, ambako wenye maduka walikuwa wakilalamikia wageni wanaoingia kwa jina la uwekezaji na kuishia kuuza soksi. Lakini kwa mtazamo wa mfanyabiashara anayevuka mipaka, somo ni baya: mtu mwenye kibali cha muda anaweza kukuta biashara yake imegeuka kosa kati ya kibali kimoja na kingine.

Mbali na huku, zipo nchi zilizowahi kujenga daraja la makusudi kati ya kibali cha muda na cha kudumu. Australia ilikuwa na viza ya muda ya wafanyabiashara na wawekezaji, namba 188, ambayo mwenyewe akitimiza masharti ya biashara aliyoahidi aliomba viza namba 888 ya kudumu. Mtu alijua tangu siku ya kwanza daraja linaishia wapi. Serikali ya huko iliacha kupokea maombi mapya ya viza hiyo ya muda mwaka 2024, ikiona kwamba faida kwa uchumi haikuwa kubwa kama ilivyotarajiwa. Marekani nayo inampa mwekezaji wa mpango wa EB-5 ukaazi wa masharti wa miaka 2, kisha anathibitisha kwamba fedha ziliwekwa na ajira 10 zikapatikana. Lakini Mmarekani huyo huyo ana viza nyingine ya biashara, E-2, inayoweza kuongezwa mara nyingi bila kumfikisha mtu popote. Kwa hiyo hata huko, jina la "mwekezaji" kwenye karatasi halitoshi. Cha kuuliza ni kama karatasi hiyo ina mlango upande wa pili.

Kongo ndani ya Jumuiya, na dari la uraia

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 8 Aprili 2022 na kuwa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Bukavu ilitarajia mengi. Kwa suala hili mahususi, uanachama ulifungua mazungumzo zaidi ya milango. Hata pale Itifaki itakapotekelezwa yote mpaka nukta ya mwisho, Mkongo aliyeko Rusizi atafika pale pale anapofika Mtanzania au Mrundi: kwenye kibali cha muda. Ukaazi wa kudumu atauomba kwa sheria ya Rwanda.

Wapo wanaosema basi aruke ngazi hiyo, aombe uraia. Kwa Mkongo ushauri huu ni wa hatari. Ibara ya 10 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Tanzania pia hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Rwanda, Kenya, Uganda na Burundi zinaruhusu. Maana yake ni kwamba Mkenya aliyeko Rwimbogo anaweza siku moja kuwa Mnyarwanda bila kuacha kuwa Mkenya, lakini jirani yake wa kutoka Bukavu au Kigoma akifanya hivyo anahatarisha uraia wa kuzaliwa, na pamoja nao urithi wa shamba la baba na mengine mengi ambayo kwetu hayapimwi kwa fedha. Kwa watu hawa wawili, ukaazi wa kudumu si kituo cha njiani kuelekea uraia. Ndiyo mwisho wa safari, na kwa hiyo wana sababu kubwa zaidi ya kuutafuta mapema.

Kuhusu ndoa, familia za pande mbili za Rusizi zimeoleana kabla ya kuwapo mpaka wenyewe. Aliyeoa au kuolewa na raia mara nyingi ana njia fupi kuliko ya biashara, karibu katika nchi zote; Kenya kwa mfano inadai miaka 3 ya ndoa kwa ajili ya ukaazi wa kudumu. Lakini inayotambuliwa ni ndoa iliyoandikishwa serikalini. Ndoa ya mahari na sherehe pekee, hata kama mtaa mzima ulikula pilau, ofisa wa uhamiaji hana pa kuiandika. Wapo wanaohangaika na vibali vya biashara mwaka hadi mwaka wakati cheti cha ndoa kingewarahisishia kazi.

Dereva anaishi wapi?

Kundi moja husahaulika kabisa katika mjadala huu, nalo ni la madereva. Dereva wa kampuni ya Dar es Salaam au Mombasa anayeleta mzigo Rusizi anaweza kulala Rwanda usiku mwingi kuliko anavyolala kwake. Usiku huo wote haumjengei chochote. Ajira yake iko nchi nyingine, anaingia kama mpitaji, na mihuri yake inathibitisha kwamba kila alipoingia alitoka. Anayetaka kuhamia Rusizi moja kwa moja atafute ama mwajiri aliyesajiliwa Rwanda atakayemwombea kibali, ama ajisajili mwenyewe na kuomba kibali cha kujiajiri, kabla ya kuhamisha familia.

Kwa mwenye malori ni vivyo hivyo. Tawi lililosajiliwa Kamembe linampa haki ya kuomba kibali. Halimpi kibali.

Kwa wale ambao tayari wana kibali cha muda, hatari kubwa ni pengo. Sheria inayodai kuishi mfululizo, kama ile ya Kenya, haina huruma na mtu ambaye kibali chake kiliisha Machi akakiongeza Juni. Maombi ya kuongeza yapelekwe mapema, na risiti yake itunzwe, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kwamba mtu hakukaa kimya. Matamko ya kodi yafanyike hata katika miezi ambayo biashara ililala, kwa namba ya mtu au kampuni ile ile iliyo kwenye kibali. Mkataba wa pango uandikwe kwa jina la mwenye kibali. Katika ukanda huu stoo nyingi zimekodiwa kwa jina la shemeji au la rafiki raia, jambo linalorahisisha maisha kwa mwaka wa kwanza na kuyaharibu mwaka wa sita, mtu anapotakiwa kuonyesha kwamba biashara ilikuwa yake.

Jina nalo lina mambo yake. Kongo mtu ana majina kadhaa, na hati ya Rwanda inaweza kuyapanga kwa mtindo mwingine. Herufi moja ikitofautiana kati ya pasipoti na cheti cha kampuni, karani ana haki ya kudhani ni watu wawili. Marekebisho hufanyika kwa urahisi kibali kikiwa kipya. Baada ya miaka mitano na hati ishirini, ni kazi ya wakili.

Na pasipoti iliyoisha muda isitupwe wala kukabidhiwa watoto wachezee. Kibali cha zamani kilichobandikwa ndani yake, pamoja na mihuri ya kuingia na kutoka, ndicho kitakachoombwa siku ya kuhesabu miaka.